Tuwahesabu na Wasiokuja

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma)

 

 Tunajua kila mmoja ameacha kazi nyumbani. Kwa hiyo hatutasema maneno mengi yasiyo na faida.

Leo tumekuja na daftari. Ni daftari la mahudhurio, nanyi nyote mnalijua. Mwalimu anaita jina, mtu anaitika "Nipo", mwalimu anaweka alama ya vema. Asiyeitika anawekewa alama ya mkasi. Darasa likiisha mwalimu anahesabu alama za vema, anapeleka hesabu ofisini.

Sasa je, nani huhesabu mikasi? Nani huuliza, "Huyu ambaye hakuitika yuko wapi, na amezuiwa na nini?"

Hilo ndilo jambo letu la leo. Tunataka kusema juu ya watu wasiokuja. Wasiokuja darasani, wasiokuja uwanjani, wasiokuja mkutanoni. Na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita tulifungua darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Ilikuwa mwezi wa Juni, mavuno yameingia ndani. Watu 40 waliandikisha majina yao, na wengi walikuwa akina mama. Tulifurahi sana. Tukapanga darasa liwe saa 10 alasiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mwezi wa Julai walikuja 31. Mwezi wa Agosti walikuja 19. Mwezi wa Septemba walikuja 11.

Sisi tukafanya nini? Tukakaa ofisini tukaandika ripoti. Tuliandika hivi: "Mwamko ni mdogo." Maneno matatu tu. Tukapiga muhuri, tukaona kazi imekwisha. Na mwalimu wa kujitolea tukamwambia afunge darasa.

Siku ya kufunga tulikwenda wenyewe kuchukua ubao na vitabu. Njiani tulivuka korongo. Kule korongoni tuliwakuta wanafunzi wetu. Walikuwa wamekaa mchangani, wamezunguka visima walivyochimba kwa mikono. Ninyi mnavijua visima hivyo. Mtu anachota kata moja, mbili, maji yanakwisha. Anangoja yajae tena polepole. Nyuma yake kuna foleni ya ndoo.

Tukasalimiana. Halafu tukauliza, tena kwa ukali kidogo, "Mama zetu, mbona mmeacha shule?"

Mama mmoja mtu mzima akatutazama. Akasema, "Mwanangu, sisi hatujaacha shule. Shule yako umeiweka saa ya maji. Mwezi wa sita maji yalikuwa karibu. Sasa visima vya karibu vimekauka, tunakuja huku. Nikija kwako kusoma, watoto watapika na nini?"

Hatukuwa na jibu. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ilikuwa pale korongoni siku zote, na sisi tulikuwa ofisini tunaandika juu ya mtungi.

Mama yule akaongeza neno moja. "Hapa tunangoja maji mpaka jua linakaribia kuzama. Hatufanyi kitu. Ungeleta ubao wako hapa, tungesoma."

Basi, ubao hatukuurudisha ofisini. Tuliuegemeza kwenye mti ukingoni mwa korongo. Mwalimu akafundisha wakati maji yanajaa. Ambaye zamu yake imefika alikwenda kuchota, kisha akarudi kukaa. Mwezi wa Oktoba walikuja watu 27.

Hatusemi kwamba wote walirudi. Hawakurudi wote, nasi tutaeleza kwa nini. Lakini hebu fikirini: wanawake wale walikuwa ni wale wale. Hawakuongezewa mwamko. Kilichobadilika ni mahali pa ubao.

KUTOKUJA SI KUTOTAKA

Ndugu wanakisomo, tunapenda sana kusema kwamba penye nia pana njia. Ni methali nzuri. Lakini ninyi ni wafugaji, mnajua boma la miba. Ng'ombe ana nia ya kutoka kwenda malishoni. Kama mlango umezibwa kwa miba ya mgunga, nia yake itamsaidia nini? Lazima mtu aiondoe miba.

Kwa hiyo tukimwona mtu hayupo, tusianze kwa kusema hataki. Tutafute kwanza mwiba uko wapi. Miba iko ya namna nyingi. Tutaitaja michache tuliyoiona kwa macho yetu.

Mwiba wa kwanza ni kazi na msimu. Mkoa wetu hupata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu, na mwaka mwingine hukatika mapema. Atakayekosa kupanda uwele na mtama siku zile chache hatakula mwaka ule. Mwaka wa njaa ni mbaya zaidi, maana watu huondoka kwenda kutafuta vibarua. Wazee wetu walisimulia habari za Mtunya, ile njaa kubwa iliyoiangamiza Ugogo baada ya majeshi ya vita ya kwanza ya dunia kuchukua watu, nafaka na ng'ombe. Mtu mwenye njaa hawezi kukaa kusoma a-e-i-o-u. Kwa hiyo darasa linalofundisha Januari na kulala Agosti limepangwa na mtu asiyelima. Kule korongoni tulifunga darasa kwa hiari wakati wa kilimo. Tulikubaliana siku ya kufungua, na siku hiyo ilipofika tulifungua.

Mwiba wa pili ni macho. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Tulikuwa na mzee mmoja aliyehitimu kisomo vizuri kabisa. Alikuwa akisoma gazeti hili na kuwasomea wenzake. Baadaye akaacha kuja. Tukamwendea nyumbani kwake kwenye tembe. Akasema, "Wanangu, kusoma kumenitoka. Uzee umeniibia." Tukampa gazeti. Akalishika mbali, mkono umenyooka mpaka mwisho, akakunja uso. Tukaelewa. Kusoma hakukuwa kumemtoka. Mtu akipita miaka 40, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa wa ajabu, ni umri tu. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Mzee alikwenda kupimwa hospitali, akapata miwani. Wiki iliyofuata alisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe mbele ya watu. Watu wangapi tumewaandika kwamba "wamerudi katika ujinga", kumbe walihitaji miwani?

Liko pia jambo la vikope. Ugonjwa huu umewatesa sana watu wa nyanda zetu hizi kavu. Huambukizwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi wanaotua machoni mwa watoto. Mtu akiugua mara nyingi tangu utotoni, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho mpaka jicho linapofuka. Akina mama huugua zaidi, kwa sababu ndio wanaolea watoto. Wilaya ya Kongwa ilikuwa na vikope vingi mno, hata watafiti wa macho wakafanya kazi huko tangu miaka ya 1980. Utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa, na nyuso zao zikawekwa safi, hawakupata vikope vikali kama wengine. Kuosha uso wa mtoto hakuhitaji ndoo nzima. Kikombe kimoja kinatosha. Na mtu ambaye kope zake zimeshageuka anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo. Asikae nyumbani akingoja giza.

Mwiba wa tatu ni aibu. Mtu mzima anaogopa kuchekwa. Katika mila zetu wakwe huheshimiana sana. Baba mmoja aliacha darasa bila kusema neno. Tulipouliza kwa upole tukagundua kwamba mkwewe alikuwa amekaa dawati la mbele. Baba huyo hakutaka kukosea hesabu ya kujumlisha mbele ya mkwewe. Je, huyo ni mvivu? Hapana. Huyo ni mtu mwenye heshima yake. Tulimpangia siku nyingine, na alisoma mpaka mwisho.

Mwiba wa nne ni lugha. Katika mkoa wetu yuko Mgogo, yuko Mrangi, yuko Msandawe, yuko Mburunge. Kiswahili kinatuunganisha wote, nacho tunakipenda. Lakini yuko bibi aliyezeeka akiongea lugha ya nyumbani tu. Akija mkutanoni akasikia maneno kama "mchakato" na "bajeti", anakaa kimya. Watu wanasema bibi amekubali. Bibi hakukubali, bibi hakusikia. Je, ni kazi kubwa kumweka mjukuu karibu naye amweleze?

WALIVYOFANYA WATU WA 1973

Pengine mtu atasema, "Haya yote ni matatizo, na matatizo hayaishi." Tumjibu kwa mfano wa nchi yetu wenyewe.

Wakati wa sensa ya mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakasoma chini ya miti, makanisani, misikitini na vibarazani. Kufika mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa kama 39 katika 100. Mwaka 1986 walikuwa kama 10. Sisi wengine tulikuwa hatujazaliwa, lakini matunda yake tuliyakuta. Walimu wetu wa kwanza walikuwa wazazi waliosoma katika madarasa hayo.

Sasa tazameni jambo lililofanyika mwaka 1973. Ilikuwapo kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilikuwa ya wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi redioni, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kusafisha visima.

Wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Waliwezaje? Kwa sababu kikundi kizima kilihitaji redio moja na msomaji mmoja tu. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe hujui kusoma, ngoja kwanza." Mwiba ule uliondolewa kwa mpango mzuri. Asiyejua kusoma alisikiliza kwa masikio, akatoa mawazo kwa mdomo, akachimba choo kwa jembe. Na baadaye wengi walitaka kusoma wao wenyewe, maana walikwishakuonja.

Lakini tusifiche ukweli. Siku zile pia yalikuwapo makosa. Sehemu nyingine watu walilazimishwa kuhudhuria kisomo, na wengine walitishiwa faini. Katika mkoa huu huu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wengi walihamishwa kuingia katika vijiji vipya kwa Operesheni Dodoma. Wengine walikwenda kwa moyo, wengine kwa sababu gari limekuja. Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba mtu anaweza kuwapo mahali na asishiriki. Kiwiliwili kipo, moyo uko kwingine. Ukimtoza mtu faini utajaza daftari kwa alama za vema, na utakuwa hujamwondolea mwiba hata mmoja.

UWANJANI

Wako wanaofikiri michezo ni kazi ya watoto. Si kweli. Michezo ni afya, ni urafiki, na ni mahali ambapo watu wa kijiji wanafahamiana. Sasa twendeni uwanjani jioni tukahesabu. Tutakuta wavulana 22 na mpira, na vijana wengine wamesimama pembeni. Wasichana wako wapi? Ni saa 11 jioni. Wako jikoni, au wako njiani na ndoo, au wanambembeleza mtoto wa dada.

Watu husema, "Wasichana wa huku hawapendi michezo." Hayo ni yale yale ya "mwamko ni mdogo". Tuwakumbushe kwamba Theresia Dismas alirusha mkuki akaipatia nchi yetu medali ya fedha katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville mwaka 1965. Hata miaka minne haikuwa imetimia tangu Uhuru. Mwanamke Mtanzania alisimama mbele ya Afrika nzima. Je, binti yetu atashindwa kusimama mbele ya kijiji kimoja?

Na tusiende mbali. Ngoma ya muheme hapa Ugogo hupigwa na nani? Hupigwa na akina mama. Wanapiga kwa nguvu, nasi wanaume tunacheza kwa mdundo wao. Hakuna anayesema mwanamke akipiga ngoma mbele ya watu amekosa adabu. Basi na netiboli, na mbio, na kuvuta kamba, adabu yake ni ile ile.

Jambo la kufanya ni dogo. Kijiji kitenge siku mbili kwa juma ziwe za wasichana na akina mama. Siku hizo kaka wachote maji na kutazama moto. Nguo nazo tukubaliane. Anayetaka kucheza na kanga acheze na kanga, anayetaka kuvaa suruali ndefu na kitambaa kichwani avae. Mwiba wa nguo umewarudisha nyumbani wasichana wengi kuliko mwiba wa miguu.

Wazee nao wana bao lao. Wapewe kivuli kizuri karibu na uwanja, ili wasikae peke yao nyumbani wakingoja magonjwa.

WALE TUNAOWAFICHA

Sasa tunasema neno zito. Wako watu ambao hata majina yao hayaingii katika daftari. Ni watoto na watu wazima wenye ulemavu. Wengine wamefichwa ndani ya tembe kwa sababu wazazi wanaona haya.

Hapa kwetu Buigiri, katika Wilaya ya Chamwino, ilianzishwa shule ya wasioona mwaka 1950. Hiyo ilikuwa kabla ya Uhuru. Watoto wasioona wamesoma pale kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu. Kama iliwezekana mwaka 1950, kwa nini leo tumfiche mtoto ndani? Tena mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayowapa haki ya kusoma, kufanya kazi na kushiriki katika mambo ya jamii kama wengine.

Wako pia mabinti waliopata mimba wakaacha shule. Zamani mlango ulifungwa. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na waliopata mimba, waruhusiwe kurudi baada ya kujifungua. Asiyetaka kurudi darasani na wadogo zake anaweza kusoma kwa njia nyingine katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Hiyo ndiyo ruhusa. Lakini ruhusa peke yake haimbebi mtoto. Binti akienda shule, mtoto atabaki na nani? Bibi atakubali? Baba ataacha kumsimanga? Mwiba wa sheria umeondolewa. Mwiba wa nyumbani ni wetu sisi.

MKUTANONI

Mwisho twende kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Si mume kwa niaba ya mke. Si mzee kwa niaba ya kijana. Kila mtu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na katika hao wanawake wasipungue watatu.

Lakini nani anasema mkutanoni? Tumehudhuria mikutano mingi. Wanaume wamekaa vitini mbele. Akina mama wamekaa chini, nyuma, juani, na watoto wanalia. Mwenyekiti anauliza, "Kuna swali?" Anangoja kidogo, anasema, "Hakuna. Tuendelee." Mama mmoja aliwahi kuuliza fedha za kisima zilikwenda wapi. Watu wakacheka kwa sababu alitamka vibaya neno "mapato". Hakuuliza tena. Na habari za fedha za kisima hazikujulikana. Mnaona hasara yake? Kicheko kimoja kilikifunga kijiji kizima mdomo.

Ndugu wahitimu, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Ninyi mnasoma. Taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa ubaoni, isomeni kwa sauti mbele ya wasiojua. Mama akitaka kuuliza, msaidieni kuandika swali lake, kisha alisome au msome kwa niaba yake. Mwenyekiti aombwe awape akina mama nafasi ya kwanza kusema. Anayesikia kwa shida akae mbele. Mkutano usianze saa ya maji.

DAFTARI LA PILI

Sasa turudi kwenye daftari letu. Tunaomba kila kikundi cha wahitimu kiwe na daftari la pili. Chora mistari mirefu miwili, upate nafasi tatu. Nafasi ya kwanza andika jina la asiyekuja. Nafasi ya pili andika mwiba wake. Nafasi ya tatu andika jambo ambalo kikundi kinaweza kufanya.

Lakini angalieni sana. Daftari hili si la mgambo. Majina yasisomwe mkutanoni, wala asipewe mtu atakayetoza faini. Mtu akijua kwamba mmemwandika ili kumwaibisha, atafunga mlango na hatafungua tena. Aende mtu mmoja, anayeelewana naye. Akae, asalimie, ale ugali na mlenda akikaribishwa. Kisha aulize, "Ndugu yangu, ni kitu gani kinakuzuia?" Akishauliza anyamaze, asikilize. Asijibu kwa niaba yake.

Mtakuta miba mingine ni midogo, mtaiondoa siku ile ile. Mingine ni mikubwa. Kuleta bomba la maji si kazi ya kikundi cha watu kumi. Lakini hata huo mkubwa, mkiuandika na kuupeleka serikali ya kijiji na halmashauri na majina na hesabu, utakuwa na nguvu kuliko malalamiko ya kwenye pombe.

Mtatuuliza, "Na yule mama wa korongoni aliishia wapi?" Alihitimu. Hivi sasa ndiye anayeweka daftari la pili katika kijiji chake. Tulipomtembelea alituonyesha jina moja. Nafasi ya pili alikuwa ameandika kwa mkono wake, "Anamuuguza mumewe." Nafasi ya tatu aliandika, "Twende kwake Jumapili." Sisi tuliandika maneno matatu tukafunga darasa. Yeye aliandika maneno matatu akafungua mlango.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Wakati tulipoanza kisomo tulikuwa wangapi? Sasa tuko wangapi? Wasiopo wanazuiwa na nini?

2. Darasa letu, michezo yetu na mikutano yetu hufanyika saa ngapi? Saa hizo nani ana kazi nyingine?

3. Katika kijiji chetu yuko mtu anayeshika maandishi mbali na macho ili aone? Nani atampeleka kupimwa?

4. Mkutano uliopita wanawake wangapi walisema? Tufanye nini ili mkutano ujao waseme zaidi?